Maiti Ofisini: Joanna Chmielewska na Riwaya Zake

Sisi tunaopenda riwaya za upelelezi tumezoeshwa wapelelezi wenye macho makali, wanaolitazama jivu la sigara sakafuni na papo hapo wakamjua aliyepita. Joanna Chmielewska wa Poland aliandika zaidi ya vitabu 50, na mhusika wake anayependwa kuliko wote hana sifa hizo hata chembe. Ni mwanamke anayevuta sigara mfululizo, mpenda kamari, mwenye bahati mbaya na wanaume, ambaye huingia katika kesi za mauaji kwa sababu tu alikuwa amekaa mahali pasipofaa. Mhusika huyo naye anaitwa Joanna, na mwandishi hakujisumbua sana kuficha kwamba alikuwa akijichora mwenyewe.

Jina lake halisi lilikuwa Irena Kuhn. Alizaliwa Warsaw tarehe 2 Aprili 1932, na alikuwa na umri wa miaka saba Wajerumani walipoivamia nchi yake, hivyo sehemu kubwa ya utoto wake ilipita chini ya utawala wao. Vita vilipokwisha alisomea usanifu majengo katika chuo kikuu cha ufundi cha Warsaw, akahitimu mwaka 1954, wakati jiji lenyewe lilikuwa bado linainuliwa kutoka kwenye kifusi. Aliolewa mapema, akapata watoto wawili wa kiume, ndoa ikavunjika, na kwa miaka kadhaa maisha yake yakategemea mshahara wa ofisi za michoro.

Ofisi hizo ndizo zilizomfanya awe mwandishi aliyekuwa, na huo ni msimamo wangu hata kama wapo watakaotaja mambo mengine. Riwaya yake ya kwanza, Klin, ilitoka mwaka 1964 na miaka miwili baadaye ikatengenezewa filamu. Ni hadithi ya mapenzi na simu, inapendeza, lakini bado anajipima nguvu. Ya pili, Wszyscy jesteśmy podejrzani ya mwaka 1966, ndiyo inayomwonyesha kamili. Joanna, akiwa amechoshwa na kazi, anatunga kichwani hadithi ya mauaji yatakayotokea humo humo ofisini, anamchagua marehemu miongoni mwa wenzake, na kuwasimulia wenzake hao waziwazi. Kisha mtu yule yule aliyemchagua anakutwa ameuawa kweli. Kuanzia hapo kila aliyekaa nyuma ya meza ya kuchorea ni mshukiwa, na tunagundua nani anadaiwa na nani, nani anamwogopa nani, na nani ana siri na mke wa nani. Kifo kinachekesha hapo kwa sababu kimeingia mahali ambapo watu wanaendelea kugombania chai na tarehe ya kukabidhi mradi.

Mwaka 1973 alirudi ofisini kwa kitabu kiitwacho Lesio, kinachoanza na msanifu mmoja aliyeamua kumuua ofisa utumishi. Sababu yake ni kwamba mama huyo anafuatilia mno wanaochelewa kufika kazini. Yeyote aliyewahi kusaini daftari la mahudhurio huku akikwepa macho ya mkubwa wake atamwelewa Lesio bila maelezo, ingawa, namshukuru Mungu, wengi wetu huishia kwenye kununa.

Ili kuona uthubutu wa mambo hayo ni lazima kukumbuka riwaya za upelelezi zilizokuwa zikichapishwa Poland wakati huo, chini ya serikali ya kikomunisti. Nyingi zilimtukuza ofisa wa polisi wa dola, mtu mwadilifu na mchapakazi, anayekamata wahalifu kwa niaba ya jamii nzima. Chmielewska hakuandika upinzani wa kisiasa, na polisi wake si watu wabaya. Aliwasogeza tu pembeni, akampa uwanja mwanamke mropokaji ambaye ushahidi wake unawachanganya wanaomhoji.

Katika kipindi hicho aliwahi pia kuishi na kufanya kazi Denmark, na huko ndiko anakoanzia Całe zdanie nieboszczyka ya mwaka 1972. Joanna yuko katika kamari haramu Copenhagen, mtu anayekata roho anamnong'oneza siri iliyokusudiwa mwingine, na genge linamteka hadi Brazil. Baadaye anafungiwa katika shimo la ngome ya Ufaransa, ambako anaanza kuchimba ukuta kwa sindano ya kroshia. Ukikisimulia hivi kisa kinaonekana cha kipuuzi, lakini kila hatua inashikiliwa na ile iliyotangulia, na hapo naona mkono wa mtu aliyesomea kuhakikisha kwamba jengo halianguki.

Ninachokipenda kupita vyote ni Wszystko czerwone cha mwaka 1974. Alicja, Mpoland anayeishi Allerød karibu na Copenhagen, amejaza nyumba wageni. Mmoja anauawa, na wengine wanashambuliwa mmoja baada ya mwingine, wengi wakinusurika kwa namna za ajabu. Barua ambayo ingeeleza kila kitu imo ndani ya nyumba hiyo hiyo, haijafunguliwa, imepotea katika vurugu za vitu vya Alicja. Mpelelezi wa Denmark, Bwana Muldgaard, anawahoji kwa Kipolandi cha kale kilichovunjika, kama mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa tenzi za karne zilizopita na sasa anauliza nani aliiba kuku.

Nje ya uandishi alipenda kubeti mbio za farasi katika uwanja wa Służewiec jijini Warsaw, kasino, mchezo wa karata uitwao briji, na kaharabu, utomvu wa kale uliogeuka jiwe la mapambo, na vyote vikaingia vitabuni. Warusi walimpenda kwa namna ya pekee. Katika miaka ya 1990 tafsiri zake ziliuzwa huko kwa wingi mkubwa, na waandishi wa Urusi kama Darya Dontsova wakaifuata njia hiyo.

Alifariki Warsaw tarehe 7 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81, na alikuwa akichapisha karibu hadi mwisho. Vitabu vya uzeeni sivipendekezi kwa anayeanza: Joanna analalamika sana, na visa vinajikokota. Anza na maiti wa mwaka 1966, kisha nenda Allerød.