Mito yote hii na vifaranga vya samaki bado tunavitafuta kwa tochi

Kuna hoja haiishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Anatokea mtu asubuhi anaandika, jamani nchi hii ina mito kibao, Rufiji, Ruvuma, Pangani, Wami, Malagarasi, Kagera, hapo sijagusa maziwa, sasa iweje tunanunua vibua wa kwenye makontena, chimbeni mabwawa muache kulialia. Watu wanamwagia viganja vya makofi, wawili watatu wanaulizia bei ya kuchimba, na baada ya muda kuna mtu ana shimo nyuma ya nyumba. Mi sina ugomvi na shimo. Ugomvi wangu ni na hiyo "ina mito kwa hiyo", maana hapa Morogoro nimezunguka sana kwa wafugaji, na ukikaa nao vizuri ukauliza kilichowaangusha ni wachache watakaokutajia maji. Watakutajia vifaranga, halafu chakula. Maji yanakuja huko nyuma kabisa.

Na wala hotuba yenyewe sio mpya. Mwaka 1949 mkoloni alishachimba mabwawa ya majaribio ya kufuga perege Korogwe na kule Malya, Mwanza. Utaalamu haukuwepo, usimamizi hovyo, ukame ukaja, mengi yakaishia kuwa makambi ya vyura. 1967 serikali yetu ikaja na kampeni yake, nayo haikufika mbali. Leo angalau kuna watu wa kuuliza: TAFIRI, wale wa utafiti wa uvuvi, wapo, chuo kikuu cha kilimo cha SUA wanafundisha, FETA wa mafunzo ya uvuvi wana kampasi Mbegani, Nyegezi, Kibirizi na kwingine, kituo cha serikali cha ufugaji samaki cha Kingolwira kiko hapa hapa Morogoro, na mwanzoni mwa 2024 Rais Samia alienda Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Vizuri. Ila vizimba ni habari ya ziwani, mi leo nazungumza na mtu wa bondeni, mwenye kaeka kake na kijito kinapita.

Tuanze na vifaranga basi, maana hapo ndo pesa nyingi inapotea na watu hawajui imepotelea wapi. Perege na ndugu yake sato wana tabia moja, wanazaana kama hawana akili nzuri. Jike anataga, dume anarutubisha, jike anayabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata yakishaanguliwa watoto wakiona hatari wanarudi mdomoni kwa mama. Kwa hiyo vifo vya watoto ni vichache. Ukipanda dume na jike pamoja, miezi mitatu minne wameshaanza kuzaa wakiwa wadogo hivi, bwawa linajaa watoto, chakula kile kile kinagawanywa kwa midomo mara kumi, na chakula anachokula jike kinaenda kwenye mayai badala ya minofu. Unakuja kuvua unatoa ndoo na ndoo za samaki sawa na kidole. Mfugaji analaumu pumba, analaumu maji, analaumu jirani, kumbe tatizo aliliweka mwenyewe siku ya kwanza kwa kwenda mtoni na chandarua kukusanya vifaranga vya bure.

Ndo maana dunia nzima wanataka madume matupu. Njia iliyozoeleka ni kuwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu mpaka nne za mwanzo, kabla jinsia haijakaa sawa, baada ya hapo hawalishwi tena. Mtu akikuambia vifaranga vyake ni madume watupu muulize amewalisha muda gani, ameanza wakiwa na umri gani, na wazazi wao amewatoa wapi. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Wengi wanaouza barabarani wamechota kwenye bwawa lao wenyewe, wale wadogo uliowaona ni ndugu na binamu wameoana vizazi kadhaa, na ukubwa mdogo hapo hauna maana ya umri mdogo, unaweza kuuziwa mzee mzima aliyedumaa ukadhani ni mtoto.

Sasa hapa kuna kisa huwa nakipenda sana na sijui kwa nini hakisemwi. Zamani kabla hii ya homoni haijaenea, kulikuwa na Mwingereza mmoja, Hickling, alikuwa kwenye kituo cha utafiti wa samaki Malacca, Malaysia ya leo. Akapandisha majike ya perege waliokuwepo kule na madume yaliyotoka Zanzibar, na watoto wote wakatoka madume. Wote! Alichapisha mwaka 1960. Baadaye wataalamu walipochambua wakaona yule dume wa Zanzibar ni perege wa mto Wami, kitaalamu Oreochromis urolepis hornorum, hakuwa mwenyeji wa kisiwani, alipelekwa tu. Damu yake leo imo hata kwenye baadhi ya perege wekundu wanaofugwa huko duniani. Yaani samaki wa Wami, huo huo unaovuka kwenye daraja ukienda Chalinze ukitokea Segera, amesaidia kujenga ufugaji wa watu wengine, na sisi tunaokaa kandokando ya mto wake tunatafuta vifaranga kwa tochi.

Na haikuwa bahati ya mara moja. Mwaka 1988 Ufilipino walipoanza mradi mkubwa wa kuboresha sato, ule wa GIFT, wakaona sato walionao mabwawani hawatoshi, wakaja Afrika kuchukua samaki wa pori, Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Wakawachanganya na wale wa kwao, wakachagua wanaokua haraka kizazi baada ya kizazi. Bwawani unaweza kuchagua na kuboresha, ila mbegu ya kuanzia iko mtoni na ziwani, na mto ukiharibika hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Chakula nitapita haraka, sio kwamba ni kidogo, hapana, ndicho kinakula zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji anayelisha vizuri, ila kila mtu ameshakisema. Protini inatoka kwenye dagaa, soya na mashudu ya alizeti au pamba. Dagaa huyo huyo anagombaniwa na mtu, kuku na samaki, na bei yake inapanda na kushuka na mwezi maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Pumba tupu hazikuzi samaki, zinaligeuza bwawa pombe. Kama huna hela ya chakula cha kuelea, rutubisha bwawa kwa samadi kidogo kidogo mpaka maji yawe kijani, zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole visipoonekana chakula cha asili kipo, ila vikipotea kabla maji hayajafika hata katikati ya mkono umezidisha, acha mbolea. Bwawa la kijani sana alfajiri linakosa hewa, utakuta samaki wote mdomo juu wanahema. Hapo usiwalishe kabisa, ingiza maji mapya.

Turudi mtoni, maana huko ndo nilikuwa naenda.

Sisi tukisema samaki wa mtoni tunafikiria mtu na ndoano pembeni ya maji yanayotiririka. Mtu wa Ifakara hawezi kukosea hivyo. Bonde la Kilombero masika maji yanatoka mtoni yanatanda kwenye tambarare yote, na samaki wanayafuata huko kwenye majani, kambare na perege wanazaa kwenye maji ya kina kifupi yenye joto na chakula kibao, watoto wanakua huko, maji yakianza kushuka wanarudi mtoni au wanabaki kwenye madimbwi, na hapo ndo migono na nyavu zinapata kazi. Mavuno ya kiangazi yametengenezwa na mafuriko ya masika. Rufiji chini ni hivyo hivyo, yale maziwa madogo ya bondeni yanapata maji mapya na samaki wapya mto unapotapika. Hata kamba wa delta wanategemea maji baridi ya mto kuingia kwenye mikoko.

Sasa kwenye huo Rufiji tumejenga bwawa la umeme la Nyerere, megawati 2,115, umeme tunauhitaji na mi sio mmoja wa wanaopinga, nina friji kama wewe. Lakini bwawa kubwa kazi yake ni kushika maji ya masika na kuyaachia taratibu mwaka mzima, na hicho ndo kitu samaki wa bondeni hataki. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti walifurikiwa vibaya, mashamba na nyumba vikaenda, kwa hiyo sio kwamba mafuriko ni ya kushangilia, mwenye shamba la mpunga na mwenye mtumbwi hawaombi dua moja. Ninachotaka kusikia ni kama kwenye ratiba ya kufungulia maji kuna mtu wa uvuvi ameketi mezani, au pale wako wa umeme peke yao.

Na tunajua mto ukibanwa inakuwaje, mfano tunao. Ningu wa Ziwa Viktoria anaishi ziwani lakini mvua zikianza anapanda mitoni kuzaa, Kagera, Mara na mito mingine. Watu wakagundua njia yake, wakazitandaza nyavu za makila midomoni mwa mito, samaki anapanda na tumbo la mayai anakutana na ukuta. Uvuvi wa ningu uliokuwa mkubwa ulianguka karne iliyopita, leo yuko kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Tunapenda kumtupia sangara lawama zote za ziwa lile, na kweli sangara alikula wenzake wengi sana, ila ningu tulianza kummaliza sisi kabla hata sangara hajashamiri. Leo mtoni bado kuna makokoro, vyandarua, utupa ule mmea wa sumu, na siku hizi madawa ya mashambani, ambayo hayachagui kifaranga wala mama yake wala ng'ombe anayekunywa chini huko.

Ila kuna uharibifu mwingine hauna kelele, hauna patroli, na unafanywa na watu wazuri kabisa wenye nia njema. Ni sato kupelekwa kila mahali.

Sato sio mwenyeji wa mito yetu ya mashariki. Hata Ziwa Viktoria aliletwa, miaka ya 1950, na wenyeji wake ngege na mbiru wakabaki wa kutafuta. Sasa anafugwa Morogoro, Pwani, Tanga, kila kona, kwa sababu anakua haraka na jina lake linauza. Mabwawa mengi yako bondeni karibu na kijito, mvua ikizidi kingo inakatika, sato yuko mtoni. Na akishafika huko hatulii, anazaa na perege wenyeji. Watafiti wamepima vinasaba wakakuta machotara kati ya sato na perege wa Rufiji na Wami kwenye maji yetu haya haya. Chotara anazaa na chotara, na baada ya miaka yule dume wa Wami aliyewapa watu madume watupu hayupo tena, kuna mchanganyiko tu. Kokoro ukilikamata unaweza kulichoma, lakini vinasaba vikishachanganyika mto mzima nani atavichambua.

Nimewahi kubishana na mzee mmoja mfugaji, namheshimu sana, nilimpa shikamoo kwanza ndo nikaanza maneno, akaniambia mwanangu, perege wa mtoni hakui, mi nafuga nile au nifuge nihifadhi? Na ana hoja. Perege wetu hakui kama sato aliyechaguliwa vizazi na vizazi. Lakini sato naye hakuzaliwa hivyo, amefanyiwa kazi miaka mingi na watu wenye maabara na pesa, perege wa Rufiji na Wami hajawahi kufanyiwa hata robo ya kazi hiyo, na ana sifa sato hana, mfano anavumilia maji ya chumvi vizuri zaidi, kitu ambacho mtu wa Bagamoyo au Kilwa mwenye kisima cha chumvichumvi angekipenda. Huwezi kumlinganisha mtoto aliyesomeshwa na ambaye hajapelekwa shule ukasema huyu hana akili.

Mi ningekuwa na sauti ningeanza hivi: mabonde ya Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma vibali vipya vya sato visitolewe kwa mabwawa ya karibu na mto, anayetaka sato awe na bwawa lisilofurika na wavu kwenye bomba la kutolea maji. Kingolwira na SUA wapewe bajeti ya kueleweka ya kuchagua perege wa Wami na wa Rufiji, kila mmoja peke yake bila kuwachanganya, na wazazi wachukuliwe sehemu za juu za mto ambako sato hajafika, na wachukuliwe sasa. Kitalu kinachouza vifaranga kiandikishwe na kionyeshe wazazi wake, kama duka la mbegu za mahindi linavyotakiwa kuonyesha lebo. Na mzee wangu yule apewe vifaranga vya kwanza bure, afuge bwawa moja la perege na moja la sato, chakula kile kile, tukapime pamoja siku ya kuvua.