Unadaiwa sawa, ila namba za watu wengine waziache

Jamani hii tabia ya apu za mikopo kumtumia meseji kila mtu aliyeko kwenye simu ya anayedaiwa inaniuma sana, na kinachoniuma zaidi ni watu kuona kawaida, eti si alikopa mwenyewe. Hapana. Kudaiwa siyo ruhusa ya kudhalilishwa.

Jirani yangu alikopa laki moja, mkononi ikaingia elfu sabini na kitu maana riba walishaikata juu kwa juu, wiki moja mbele wanaitaka laki nzima. Alivyochelewa tu meseji zikaanza, kwa bosi wake, kwa mama mkwe, mpaka kwa fundi friji, "mwambie fulani alipe leo, amekuweka wewe mdhamini wake". Na mimi niliipata. Sasa mdhamini gani hajaulizwa wala hajasaini popote? Ni kwamba siku unapakua ile apu inakuomba iingie kwenye majina ya simu yako, na wewe una shida ya hela unabonyeza ruhusu, basi wameshabeba namba zote.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Hata wewe uliyetumiwa deni lisilo lako unaweza kulalamika, namba yako ni taarifa yako. Benki Kuu (BoT) nao Novemba 2024 walifungia apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, kwa hiyo anza kwa kuangalia hao wanaokusumbua wana leseni au la. Kenya mwaka 2023 kamishna wao wa data aliipiga Mulla Pride, kampuni ya apu za mikopo, faini ya shilingi 2,975,000 za kwao kwa mchezo huuhuu.

Halafu vile vitisho vya "polisi wanakuja kukubeba", deni la mkopo ni kesi ya madai, anayedai aende mahakamani, mkusanya madeni hana mamlaka ya kukukamata, na kama hukuweka kitu rehani hawezi kuja kubeba TV yako bila amri ya mahakama. Meseji usifute hata kama zinakuaibisha, piga skrinshoti namba na tarehe vionekane, na ukilipa lipa kwenye namba ya kampuni siyo ya mtu binafsi, risiti utunze.

Na we uliyetumiwa usiifowadi kwenye grupu la familia, mpigie mwenyewe umwambie imekufika, kisha umtumie hiyo skrinshoti maana ataihitaji kwenye malalamiko yake.