Siku moja na saa ambazo hamzioni

Saa 12:30 asubuhi. Nawahi chumba cha saa cha maabara yetu ya kutunza muda kabla pilikapilika hazijaanza, maana mlango ukikaa wazi tu, joto la ndani linabadilika, na saa za atomu, zinazohesabu muda kwa mitetemo ya atomu, hazivumilii joto la kupandashuka. Nasoma vipimo, naandika daftarini, natoka.

Saa 2:00. Nalinganisha saa zetu za atomu za sesiamu na mawimbi ya setilaiti za GPS. Simu yako inajua ulipo kwa kupima mawimbi ya setilaiti nne au zaidi yametumia muda gani kufika. Ndani ya nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mawimbi hukata sentimita 30 hivi. Huko juu, kilomita 20,200 kutoka ardhini, saa za setilaiti hukimbia kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 38 kila siku, kama nadharia za Einstein zinavyotaka, kwa hiyo hupunguzwa kasi kabla ya kurushwa. Mikrosekunde 38 kwa mwendo wa mwanga ni zaidi ya kilomita 11. Ndiyo maana naumia mtu akisema kazi yetu ni kuangalia saa.

Saa 3:40, simu. Mteja, fundi wa mitambo ya kampuni fulani, sauti juu: “Saa zenu zimechelewa sekunde 18! Kumbukumbu zetu zote zimeharibika!”

Sekunde 18 kamili. Nikajua palepale. Saa ya GPS ilianza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980 na haiongezi sekunde za marekebisho, zile zinazoongezwa ili saa ziendane na mzunguko wa dunia. Saa ya dunia, UTC, imeongezewa 18 tangu hapo, ya mwisho ikiwa 31 Desemba 2016. Nikamwambia, “Kaka, risiva yako, hicho kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, inatoa muda wa GPS. Ibadilishe itoe UTC.” Hakutaka kusikia. Risiva ni mpya, ya bei kubwa, haiwezi kukosea. Nikamweleza kwamba haijakosea, imepangwa vingine tu. Akataka kuongea na mkubwa wangu. Mkubwa akamjibu vilevile, akanirudishia simu. Tukaanza upya, ukurasa kwa ukurasa wa mipangilio, yeye akisoma kila mstari kwa hasira, mpaka tukafika mahali palipoandikwa GPS. Akabonyeza. Kimya. “Imekaa sawa,” akasema, akakata. Saa 5:10 hiyo, na koo limekauka.

Mchana wote ukamezwa na kebo ya antena mpya. Kila mita ya kebo huchelewesha mawimbi kwa nanosekunde 5 hivi, na usipoutoa ucheleweshaji huo kwenye hesabu, unawapa watu muda wa uongo. Kebo yetu ina mita 40. Napima: nanosekunde 203. Nafungua viungio, nasafisha, nakaza, napima tena: 207. Mgongo unauma, macho mazito, wenzangu wameshaaga. Kiungio kimoja kilikuwa hakijakaza vizuri. Nakaza. 203. Narudia, 203. Nawasha taa ya mezani, naandika namba hiyo daftarini, naweka sahihi yangu pembeni.