Flashi, shata na bembea za minyororo: Idi niliyowakata watoto miguu

Nianze na yule jamaa aliyenishauri, maana hasira bado haijaniisha. Aliniambia kitu kikikimbia unapandisha shata, yaani kamera ifunguke na kufunga haraka zaidi, basi, tena kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na kamera shingoni. Siku ya Idi shemeji akaniomba nipige watoto picha kwenye zile bembea za minyororo zinazozunguka na mataa kibao, hapa hapa Kampala, nami nikafika na flashi yangu ya mtumba, laki na kitu hivi, ina pini moja tu chini kwa hiyo haielewani na kamera kwa lolote, ni kuwaka tu.

Jua la huku halibembelezi mtu. Saa kumi na mbili na nusu lipo lipo, ukigeuka kununua rolex (ile chapati ya mayai) ushaingia giza. Nikaweka shata 1/500, yaani sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Picha ya kwanza nusu ya chini nyeusi tii, kama imemwagiwa lami. Nikadhani ni mkanda umeziba lenzi, nikautupa mgongoni. Ya pili ileile. Nikabadilisha betri (sijui betri ilinikosea nini), nikapangusa lenzi na shati la Idi, lami iko palepale. Binti wa kaka yangu akashuka mbio kuja kuona, akakitazama kioo weee, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Baba mdogo, miguu yangu iko wapi?" Shemeji alicheka mpaka mtandio ukaanguka.

Kumbe kamera yangu na flashi mwisho wake ni 1/200. Shata ni mapazia mawili, ukizidisha hapo la pili linaanza kufunga la kwanza halijamaliza kufungua, flashi ikiwaka inakuta sehemu ishafunikwa. Haya, nikashuka 1/200. Miguu ikarudi lakini mataa yote yamekufa, watoto wananing'inia gizani kama popo wa Bat Valley.

Hapo ndo nikaacha kumsikiliza yule bwana nikatumia akili zangu. Usiku shata haimshiki mtoto, inakusanya mwanga wa taa. Mtoto anagandishwa na flashi, na ukiipunguza nguvu mwako wake unazidi kuwa mfupi. Bembea ilikuwa inamaliza mzunguko kwa sekunde tano hivi, upana kama mita kumi, maana yake kiti kinakwenda mita sita kwa sekunde. Kwa 1/15 taa zinachora mstari wa karibu sentimita 40, wakati flashi ikiwaka kiti hakijasogea hata milimita mbili. Nikaweka shata 1/15, ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), flashi 1/8 ya nguvu yake. Taa zikaja, sura ikaja, ila mistari ya mwanga ilikuwa mbele ya uso, ungesema mtoto anarudi kinyumenyume. Dawa yake iko kwenye menyu ya kamera yangu, iambie kamera ingoje pazia la nyuma ndo iwashe flashi, iwake mwishoni, mistari inamfuata mgongoni.

Sasa hii ya kwangu mwenyewe. Globu za pale ni za njano na flashi nyeupe pe, watoto wote sura za wafu. Nikaomba karatasi ya pipi, ile ya chungwa inayopitisha mwanga, nikaifunga kwenye flashi kwa raba ya nywele za binti, kamera nikaiweka mizani yake ya rangi kwenye alama ya globu. Ngozi zikawa ngozi! Pipi nilikula mimi.

Na usipige bembea ikiwa mbali. Flashi niliipimia pale kiti kinapopita karibu, mita nne, kikifika nane mwanga unabaki robo tu, kwa hiyo unamfuata mtoto na kamera akiwa bado upande wa pili na unabonyeza akikufikia. Mkao wangu wa kwanza ulikuwa unammulika mwendesha mashine, akapiga kelele "Ssebo (bwana), macho yangu!" na ana haki, yeye ndo mwenye breki.

Nzuri zilitoka nne kati ya mia na ushee. Moja binti kacheka mdomo wote, ndala ya kushoto iko hewani peke yake, kamba yake inaonekana ilivyokatika, na nyuma mataa yamechora upinde. Shemeji kaiweka profaili. Juzi yule jamaa kaiona, akaniuliza nilitumia shata ngapi.

Nikamwambia 1/1000.