Dai la breve: neno moja likizidi, jirani anapita

Fundi wa chukudu, kile chombo cha mti cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, hapa Goma akitaka breve (Tanzania wanasema hataza), yaani haki ya kulinda uvumbuzi wake, mara nyingi nguvu zake zote zinaishia kwenye michoro na maelezo, halafu madai anayaandika haraka haraka mwishoni. Angefanya kinyume. Kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye madai, yale ambayo kwenye faili ya Kifaransa yanaitwa revendications. Hakimu haweki chukudu mbili pembeni aone kama zinafanana. Analichukua dai, analikata kipande kwa kipande, kisha anakitafuta kila kipande kwenye chombo cha mshtakiwa. Kimoja kikikosekana, kwa kawaida kesi imekwisha.

Tuchukue mfano. Chukudu ikishuka na viazi toka Kibumba, mwenyewe anaipunguza mwendo kwa kukanyaga kipande cha pine (tairi) kinachosugua gurudumu la nyuma. Tuseme fundi ameligeuza jambo hilo: breki inakamata muda wote, na inaachia pale tu mguu unapokanyaga. Mtu akianguka, chombo kinasimama chenyewe. Anaandika hivi:

«Chukudu ya mti wa mukaratusi, yenye urefu wa mita 2, magurudumu mawili yaliyovishwa pine, na breki ya kibao yenye resori ya chuma.»

Kila neno hapo ni la kweli, na kila neno linampunguzia haki. Jirani wa mtaa wa Birere atatumia mti mwingine, atakata mita 1.80, mahali pa resori (springi) atafunga utepe wa mpira wa ndani wa gari, na atauza bila wasiwasi. Kibaya zaidi, lile jambo jipya lenyewe, breki kukamata bila mguu, halimo kabisa! Fundi ameandika chukudu iliyosimama mbele yake, hakuandika alichovumbua.

Hili lina nguvu zaidi:

«Chombo cha kubebea mizigo chenye fremu, angalau gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, na breki ya gurudumu la nyuma, kinachotambulikana kwa kuwa breki hiyo inasukumwa muda wote kwenye gurudumu na kifaa cha kurudisha, na inaachia gurudumu pale tu kikanyagio kinapokanyagwa.»

Mti umeondoka, mita zimeondoka. «Kinachotambulikana kwa kuwa» ni ile caractérisé en ce que: kabla yake unaweka yanayojulikana tayari, baada yake unaweka jipya lako. «Kifaa cha kurudisha» kinabeba resori, mpira, hata jiwe linaloning'inia kama uzito. Lakini maelezo lazima yaonyeshe njia hizo kweli, la sivyo utaambiwa umedai zaidi ya ulichofundisha. Na usipanue mpaka «chukudu yenye breki»: kile kipande cha pine kinaliua dai hilo siku hiyo hiyo, maana si jipya.

Chini yake weka madai madogo. Dai la 2: chombo cha dai la 1, ambamo kifaa cha kurudisha ni resori ya chuma. Dai la 3: ni utepe wa mpira. Yanaonekana kama marudio, ila mtu akigundua mashine ya zamani inayoangusha dai la 1, moja kati ya hayo linaweza kubaki limesimama.

Hii ya resori na mpira si ya kubuni tu. Mashine ya kung'oa nywele iitwayo Epilady ilikuwa na dai lililotaja resori ya msokoto. Kampuni ya Remington, kwenye mashine yao, wakaweka fimbo ya mpira yenye mikato. Breve ilikuwa ile ile ya Ulaya, lakini mwishoni mahakama za Ujerumani zilisema imevunjwa, mahakama ya Uingereza ikasema hapana. Mwandishi angeandika kazi ya kile kifaa badala ya umbo lake, ubishi huo usingekuwepo.

Marekani, mwaka 2004, kesi ya kampuni ya Chef America, mwenye breve, ilianguka kwa neno dogo zaidi. Dai lilisema donge la unga lipashwe mpaka lifike kati ya nyuzi 400 na 850 za Farenihaiti, yaani takriban 204 mpaka 454 za Selsiasi. Walikusudia joto la tanuri. Donge lenyewe likifika huko linakuwa makaa, lakini mahakama ilisoma kilichoandikwa, na mpinzani akapona. Sisi tunaoandika Kifaransa tuna hatari yetu: chauffer à 204 degrés (pasha moto kwa nyuzi 204) inaweza kusomwa namna zote mbili. Andika wazi kwamba ni tanuri ndilo lenye joto hilo.

Angalia pia comprenant (chenye, pamoja na vingine) na constitué de (kilichoundwa na hivi tu). La kwanza linaacha mlango wazi: mwingine akiongeza taa, bado yumo ndani ya dai lako. La pili linafunga, na taa hiyo inaweza kumtoa. Na kitu kimoja kibebe jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiita kikanyagio hapa na kibao pale, msomaji ana haki ya kuhesabu vitu viwili.

Breve ya Kongo, chini ya sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, inaishia mpakani. Kongo haimo OAPI wala ARIPO, mashirika ya nchi za Afrika yanayotoa breve kwa pamoja, na chukudu inayotengenezwa Gisenyi, Rwanda, hatua chache baada ya kituo cha mpakani cha Petite Barrière, haiguswi nayo. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda uvumbuzi, unakupa miezi 12 ya kupeleka ombi nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ya kwanza, lakini kwa yale tu yaliyokuwemo siku ya kwanza. Ukikumbuka ule uzito wa jiwe mwezi wa nane, unapata tarehe mpya.

Kabla ya kupeleka, mpe fundi mwingine dai peke yake, bila mchoro, akiwa ameweka saini ya kutunza siri. Mwombe atengeneze chombo kinachofanya kazi ile ile bila kuligusa. Akifaulu, andika upya palepale alipopitia, na chukudu yenyewe ibaki imefunikwa ndani ya atelye mpaka faili ipokelewe.