Jinsi Nilivyopanga Maua Mbele ya Mchoro wa Rachel Ruysch

Tamasha la sanaa ya maua linalofanyika ndani ya makumbusho katika majira ya kuchipua lina sharti moja linalolitofautisha na maonyesho mengine ya maua. Mshiriki hapangi maua anavyopenda, bali hupangiwa kazi mojawapo ya sanaa iliyomo makumbushoni na kutakiwa kuijibu kwa maua, kisha pambo lake huwekwa karibu na kazi hiyo kwa siku chache ili watazamaji waone vyote viwili kwa pamoja. Utaratibu huu ulianza katika Museum of Fine Arts ya Boston mwaka 1976, kwa jina la Art in Bloom, na baadaye ukafuatwa na makumbusho mengine ya Marekani, yakiwamo ya Minneapolis, Milwaukee na Saint Louis. Niliposhiriki katika tamasha la aina hii, nilipangiwa mchoro wa maua wa Rachel Ruysch, mchoraji wa Uholanzi. Ninaeleza hapa namna nilivyoikamilisha kazi hiyo kwa sababu wapangaji wengi ninaowafahamu huona kwamba kupewa mchoro wa maua ni bahati, ilhali kwa maoni yangu hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Ugumu unaanzia kwenye mchoro wenyewe. Ruysch, aliyezaliwa mwaka 1664 na kufariki mwaka 1750, alikuwa binti wa Frederik Ruysch, mtaalamu wa anatomia na mimea, na alichora kila petali kwa jicho la mtu aliyelelewa miongoni mwa vielelezo vya kisayansi. Hata hivyo, shada analolionyesha halikuwahi kusimama katika chombo chochote. Wachoraji wa Uholanzi wa enzi hizo walilichora kila ua katika msimu wake, kisha wakayakusanya yote kwenye turubai moja, ndiyo maana tulipu za majira ya kuchipua hukaa bega kwa bega na waridi na popi za kiangazi. Jan van Huysum, mchoraji mwenzake aliyeishi zama zilezile, alipata kumweleza mteja wake kwamba mchoro usingeweza kumalizika mpaka waridi la njano lichanue. Leo ghala za baridi na ndege za mizigo zinaweza kuyaleta maua yote hayo siku moja, na wapo wapangaji ambao hufanya hivyo hasa: huhesabu aina zilizomo mchoroni, hununua aina zilezile, na kujenga nakala. Nilikataa njia hiyo tangu mwanzo, kwa sababu nakala ya maua ikiwekwa mbele ya mchoro kama huu humfanya mtazamaji alinganishe ua kwa ua, na katika ulinganisho huo mchoro hushinda daima.

Badala yake nilikaa mbele ya mchoro kwa muda mrefu, nikiuliza maswali matatu tu: jicho linaanzia wapi na kuishia wapi, mwanga unatoka upande gani, na wakati unapita vipi ndani yake. Jibu la kwanza lilikuwa wazi, kwa kuwa Ruysch hupenda kulivusha shada kwa mshazari, kutoka ua lililoinama chini upande mmoja hadi bua jembamba linalopanda juu upande wa pili, na mstari huo ndio uliokuwa uti wa mgongo wa pambo langu. Jibu la pili lilinielekeza kwenye rangi: maua meupe na ya waridi hafifu yalikusanyika katikati penye mwanga, na yale ya zambarau iliyokolea yakapelekwa pembeni, mbele ya majani mazito ya kijani, ili yaonekane kama yanazama gizani. Jibu la tatu ndilo lililonipendeza zaidi. Kwa kuwa nilikuwa nimeamua kutumia maua ya majira ya kuchipua peke yake, nisingeweza kuuonyesha wakati kwa kuchanganya misimu, nikauonyesha kwa umri: peoni iliyofumba kama ngumi, nyingine iliyofunguka nusu, na nyingine iliyoanza kuachia petali zake.

Kabla ya kununua hata ua moja nilisoma masharti ya makumbusho neno kwa neno, na ningemshauri kila mshiriki afanye hivyo, kwa sababu masharti haya hayakutungwa kuwasumbua wapangaji. Mbawakawa wa mazulia, wale wadogo wa jenasi Anthrenus, wakishakomaa hula chavua na nekta, na kwa hiyo hukaa ndani ya maua kwa kawaida kabisa. Mabuu wao ndio hula sufu, hariri, manyoya na ngozi, yaani vitu ambavyo makumbusho hujitahidi kuvilinda kwa karne nyingi. Shada moja lisilokaguliwa linaweza kuwaingiza wadudu hao mpaka karibu na zulia la kale. Kutokana na hatari hiyo tulikatazwa udongo, kuvu za miti, matawi yaliyookotwa porini na mimea ya kwenye vyungu, na kila bua lilikaguliwa katika chumba cha mapokezi kilicho mbali na kumbi za maonyesho. Nililigeuza kila jani na kulitazama upande wa chini, nikatikisa kila ua juu ya karatasi nyeupe, na vyavulio vya lili nikaving'oa vyote kabla havijapasuka, kwa kuwa chavua yake hutia doa lisilotoka kwa urahisi. Matunda nayo yalipigwa marufuku, nami sikusikitika, ingawa mchoro ulikuwa nayo. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharakisha kunyauka kwa maua mengi yaliyokatwa.

Sharti lililobaki lilihusu maji: chombo kisichovuja, kilichowekwa juu ya sinia, na kisinyunyiziwe maji hewani ukumbini hata kidogo. Wengi hulitatua jambo hili kwa sponji ya kijani ya kuchomekea maua, ambayo ilibuniwa Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani kote. Mimi niliiacha kwa sababu mbili. Kwanza, sponji hiyo ni plastiki inayosagika kuwa chembe ndogo zisizooza, na Royal Horticultural Society, chama cha wakulima wa bustani cha Uingereza, imeiondoa katika maonyesho yake tangu mwaka 2021. Pili, na hili lina uzito wake hata kwa asiyejali la kwanza, mabua ya tulipu na dafodili ni laini, hupondeka yakisukumwa ndani ya sponji, na hunywa vizuri zaidi yakiwa ndani ya maji matupu. Kwa hiyo nililaza kenzani, lile bamba zito la miba ya chuma linalotumiwa na wapangaji wa Kijapani, kwenye sakafu ya chombo, kisha nikajaza wavu wa waya uliokunjwa juu yake. Kenzani ilishika mabua ya chini yaliyobeba mstari wa mshazari, na wavu ukashika mengine yote. Faida yake kubwa niliiona baadaye: niliweza kuchomoa ua lililochoka na kuingiza jingine bila kubomoa kitu.

Maandalizi ya maua yenyewe ndiyo yaliyoamua kama pambo lingefika mwisho wa tamasha. Niliosha ndoo kwa sabuni, kwa maana bakteria ndio huziba mishipa ya bua na kulifanya ua life kiu likiwa majini. Nikaondoa majani yote ambayo yangezama, nikakata ncha za mabua kwa mshazari, na kuyaacha maua yanywe usiku kucha mahali penye baridi na giza. Dafodili nilizitenga katika ndoo yake, kwa sababu ute unaotoka kwenye mabua yake hudhuru tulipu. Baada ya ute huo kutoka sikuyakata tena mabua hayo, kwani kila mkato mpya huufungulia njia upya.

Tulipu zinastahili aya yake, maana bila kuzielewa nisingeweza kuijibu kazi hii. Tulipu haiachi kukua baada ya kukatwa. Bua lake huendelea kurefuka kwa sentimita kadhaa na kujipinda kuufuata mwanga, na petali zake hufunguka kwenye joto na kufumba kwenye baridi. Mpangaji anayetaka pambo libaki kama alivyoliacha huliona jambo hili kuwa usumbufu, na wengine huzikwepa kabisa. Mimi nilimuuliza mhifadhi wa makumbusho taa ya ukumbi ilikuwa inatoka upande gani, akaniambia kwamba mchoro wa mafuta humulikwa kwa takribani luksi 200 (kipimo cha ukali wa mwanga), tena kutoka juu upande mmoja. Kwa kujua hilo nilizichomeka tulipu zikiwa fupi kuliko nilivyozitaka, zikielekea upande wa pili wa mwanga, ili kujipinda kwake kuzilete mahali pake na kukamilisha mshazari badala ya kuuvunja. Nilichagua za michirizi, kwa heshima ya zile za mchoroni. Michirizi ya zamani ilisababishwa na virusi vilivyosambazwa na vidukari, vikadhoofisha tunguu kizazi baada ya kizazi, lakini hizi za leo ni mbegu teule zisizo na ugonjwa.

Siku ya kuliweka pambo ukumbini haikuwa na mengi, kwa kuwa kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Nilichomeka mabua kwa mpangilio niliokwisha kuujaribu nyumbani kwa majani matupu, wahudumu wakapima umbali kutoka ukutani, na nikaondoka. Kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa nilirudi na birika lenye mdomo mwembamba, nikaongeza maji na kukagua kila ua. Siku ya ufunguzi tulipu zilikuwa zimesimama wima zaidi kidogo kuliko mchoro ulivyotaka, na waliopita siku hiyo waliona pambo tulivu. Kufikia katikati ya tamasha zilikuwa zimeinama zikauvuka mstari, peoni ya kwanza imeangusha petali juu ya sinia, na ile iliyokuwa imefumba imefunguka kushika nafasi yake. Niliwaomba wahudumu wasiziokote petali hizo, wakakubali baada ya mhifadhi kuzikagua.

Mtazamaji mmoja aliyekuja zaidi ya mara moja aliniuliza kama nilikuwa nimelibadilisha pambo usiku. Nilimweleza juu ya taa na tulipu, naye akarudi kuutazama mchoro, akaanza kunionyesha maua ambayo Ruysch alikuwa ameyachora yakiwa yamepita umri wake. Hayo ndiyo niliyoyatamani: mtu ayatumie maua yangu kuusoma mchoro, si kuupima. Kwa tamasha lijalo nimeomba nipangiwe sanamu, kwa sababu sanamu huzungukwa, na pambo linaloijibu halitakuwa na upande wa nyuma wa kuficha wavu. Tayari nimewaandikia wahusika kuuliza mwanga wa ukumbi huo unatoka wapi.