Iwekee mashine kamera kabla ya kuinunulia mota

Wanaoanza na hizi mashine ndogo za CNC, zinazochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, wengi wana ugonjwa mmoja: mota, ile inayozungusha biti ya kukatia. Mtu anaona mota iliyokuja na mashine ni kimeo, anatafuta kubwa zaidi, anaifunga, halafu anashangaa kazi inatoka na mawimbi yaleyale, pengine mabaya zaidi. Mimi mota naiweka mwisho wa foleni. Kinachotangulia ni kamera, hata kama ni ya simu.

Yangu ni 3018, mashine ambayo wengi wenu mnayo. Eneo la kazi ni milimita 300 kwa 180. Meza inakwenda mbele na nyuma, huo ndio mhimili wa Y, na kichwa, kinachobeba mota na biti, kinakwenda kushoto na kulia juu ya vyuma viwili vya mviringo vyenye unene wa milimita 10. Bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, inaendeshwa na GRBL, programu ya bure aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, ambayo inaenea yote ndani ya chipu ndogo ya Arduino. Upande huo sina neno. Shida yangu ilikuwa kwenye pembe: nikichonga mraba, kila pembe inatoka na kidonda, kama vile biti imesita kisha ikaruka.

Basi nikaweka kamera ubavuni mwa mashine. Stendi yake inakaa sakafuni, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kamera ikikaa kwenye meza moja na mashine, vyote vinatikisika pamoja, na picha inakuonyesha utulivu ambao haupo. Ikikaa sakafuni, kila mtikisiko unajianika. Upande wa pili wa kichwa nikabandika karatasi yenye mistari ya milimita, nikavuta lenzi karibu, nikarekodi kwa fremu 240 kwa sekunde huku mashine ikikata mstari ulionyooka kwenye Y.

Mstari wa Y ndio mtihani mzuri, kwa sababu hapo meza ndiyo inayotembea. Kichwa hakitakiwi kusogea hata unywele. Kwenye video, biti inashuka, inagusa mbao, na mota nzima inainama kufuata meza, polepole, mpaka ukingo wake unafunika karibu nusu ya nafasi kati ya mstari na mstari. Inabaki imeinama hivyohivyo njia nzima. Ikifika pembeni, meza inasimama, kichwa kinageuka kwenda kulia, na katika fremu chache tu mota inajirudisha wima. Hapo ndipo kidonda kinapochimbwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa kasi ya kawaida macho yangu yalikuwa hayaoni kitu.

Sababu yenyewe si ngumu. Biti inaning'inia chini sana ya vile vyuma viwili, kwa hiyo nguvu ndogo ya ncha inageuka kuwa wenzo wa kuvipindua. Bamba za pembeni nazo zilikuwa za plastiki ngumu, zinakubali kila unachoziambia. Mota kubwa ingeongeza uzito palepale penye udhaifu.

Marekebisho ya kwanza hayana gharama yoyote: rudisha biti ndani ya kishikio. Kupinda kwa kitu kilichoshikwa upande mmoja hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu, yaani urefu mara urefu mara urefu. Biti iliyotokeza milimita 30 ukiifanya itokeze 20, inapinda chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa ikipinda, kwa nguvu ileile. Watu wananunua vyuma kabla ya kujaribu hili, sijui kwa nini.

Vyuma vya mviringo nilivipigia hesabu pia. Ugumu wa chuma cha mviringo hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo kutoka milimita 10 kwenda 16 unapata ugumu mara sita na nusu hivi. Inashawishi. Lakini chuma hicho bado kimeshikwa miisho tu, katikati kinaelea. Nikachagua reli bapa zenye beringi, zilizofungwa kwa bolti urefu wote juu ya bomba la alumini, na bamba za pembeni nikazikata upya kwa alumini ya milimita 10. Nilipobadilisha na parafujo za kusukuma, zile zinazosogeza milimita 4 kwa mzunguko nikaweka za milimita 8, ilibidi na namba za GRBL zifuate. Mota ndogo inayozungusha parafujo ina hatua 200 kwa mzunguko, na kila hatua ikigawanywa mara 16 inatoa hatua 3,200 kwa mzunguko. Gawanya kwa 8 upate 400 kwa milimita, badala ya 800 za mwanzo. Ukiiacha 800, unaagiza milimita 10, mashine inakwenda 20 na kugonga ukuta kwa furaha zote.

Nikarekodi mstari uleule, karatasi ileile. Safari hii ukingo wa mota uligusa mstari wake na kukaa hapo.

Baada ya hapo ndipo nikaweka mota ya wati 500. Kwa mizunguko 12,000 kwa dakika na biti yenye makali mawili, kila kali likikata unene wa milimita 0.05, mwendo unakuwa milimita 1,200 kwa dakika. Zamani nilikuwa sithubutu kupita 400. Kwa mota hii, mwendo huo ungefanya kila kali lisugue milimita 0.017 tu, na kusugua ndiko kunakounguza mbao. Kwenye video tofauti inaonekana bila kupima: vinavyoruka sasa ni vipande vinavyojikunja, si unga.

Mizunguko hiyo 12,000 ina mchezo wake mbele ya kamera. Ni mizunguko 200 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 25, biti inazunguka mara 8 kamili kati ya fremu na fremu, na ukiweka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe ya haraka, inaonekana imeganda, mbao zinajikata zenyewe. Kwa fremu 240 inaonekana inazunguka kinyume. Kwa video ya kutazamwa tu, mimi naweka fremu 25 na shata ya 1/50, biti inakuwa na ukungu wa kweli, na taa zinazotumia umeme wa 50 Hz hazipepesi.

Simu usiifunge kwenye kichwa chenyewe, hata kama picha ya biti iliyosimama huku mbao zikipita chini yake inavutia. Lenzi nyingi za simu zina kifaa cha kutuliza picha kinachoelea kwa sumaku, na Apple wenyewe walitahadharisha mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kukiharibu. Kazi hiyo nimeipa kamera ndogo isiyo na kifaa hicho.

Mfuniko wa vumbi unaoizunguka biti ni ugomvi mwingine, maana ndio unaoziba kila kitu unachotaka kuonyesha. Wangu una uso wa akriliki unaoshikwa na sumaku. Nikirekodi naubandua uso tu, mfyonzaji unaendelea kuvuta kwa nyuma, na barakoa haitoki usoni, kwani vumbi la mbao limeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Ndani ya bomba la mfyonzaji nimepitisha waya mtupu wa shaba hadi kwenye ethi. Bila huo, umeme tuli wa vumbi unaweza kukata mawasiliano ya USB katikati ya kazi.

Sasa imebaki meza. Nikibonyeza katikati kwa kidole, geji ya saa, ile ya kupimia msogeo mdogo sana, inasogea kuliko ninavyopenda, na reli za chini bado ni zile za mviringo.